Zambarau ikigeuka njano bado si tiba ya saratani

Ukinunua unga wa mlonge au chupa ya dawa ya mizizi hapa Tanga, iwe Ngamiani au Muheza, huenda ukaambiwa: "Hii imepimwa maabara, inaua saratani." Imepimwa vipi?

Kipimo kinachopendwa na wengi, kwa kuwa ni chepesi na cha haraka, hutumia kemikali iitwayo DPPH. Rangi yake ni zambarau; ukitia dondoo la mmea lenye antioksidanti, yaani viambato vinavyodhaniwa kukinga seli zisiharibike, hufifia ikawa njano. Karafuu hufaulu vizuri sana, na majani ya chai pia. Kufaulu huko hakumwambii mgonjwa lolote kuhusu uvimbe wake. Huko Finland, utafiti wa wavuta sigara 29,133 ulionyesha mwaka 1994 kwamba waliomeza vidonge vya beta-karotini, antioksidanti iliyosifiwa mno, waliugua saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao.

Kupima kwa seli za saratani kunasogea karibu zaidi na ukweli. Hata hivyo, spiriti nayo huua seli kwenye kisahani. La kujua ni kama dawa inaziacha salama seli zisizo na saratani.

Pamoja na hayo, wanaotaka mitishamba ichunguzwe wana hoja nzito. Vinkristini, dawa inayotibu leukemia (saratani ya chembe nyeupe za damu) ya watoto, hutoka kwenye kile kimmea cha Madagaska chenye maua ya waridi na meupe, ambacho watu wa pwani hukipanda uani kwa urembo. Watafiti wa Kanada walikuwa wakifuatilia sifa yake ya kutibu kisukari. Wakakuta kinashusha chembe nyeupe za damu. Bila masimulizi ya wenyeji wasingekigusa.

Waganga nao wana lalamiko ninaloliona la haki. Mganga huchemsha mizizi kwa maji, mara nyingi akichanganya miti miwili mitatu. Maabara huchukua mti mmoja, ikauloweka kwenye methanoli, aina ya spiriti. Kinachopimwa sicho anachokunywa mgonjwa! Mmea ukishindwa, mganga anaonekana mwongo. Ukifaulu, sifa inakwenda kwa dawa ambayo hakuitengeneza. Nasi Tanga tuna mfano bora zaidi: tangu miaka ya 1990 madaktari wa hospitali ya Bombo na waganga walishirikiana kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI, kabla dawa za kufubaza virusi hazijaenea.

Ningependa kazi ianzie kwenye sufuria ya mganga: dawa ile ile, kipimo kile kile cha kikombe, na cha kwanza kuchunguzwa kiwe madhara yake kwa ini na figo. Jina la mganga liandikwe kwenye matokeo kama mwenye ujuzi. Lakini muuzaji anayemwambia mama mwenye uvimbe kwenye titi amalize kwanza chupa tatu ndipo aende hospitali anamwibia muda, na saratani ya titi ikiwahiwa inatibika.