Viwanda vya Kuunganisha Magari Nchini Kenya: Serikali Isaidie Nini na Iache Nini

Mwezi wa Agosti 2024 kampuni ya Mobius Motors ya Nairobi, iliyokuwa imejijengea jina kwa gari gumu na la bei nafuu lililobuniwa kwa ajili ya barabara mbovu za Afrika, ilitangaza kwamba inaingia katika taratibu za kufilisiwa kwa hiari. Muda mfupi baadaye alipatikana mnunuzi kutoka nje, lakini habari ile ilikuwa imekwisha kuamsha mjadala ambao Kenya imekuwa nao kwa zaidi ya miaka 30: je, taifa lina sababu ya kutumia fedha na sheria zake kulinda utengenezaji wa magari humu nchini, au liwaache wananchi wanunue magari yaliyotumika kutoka Japani na Uingereza kwa bei wanayoimudu? Pande zote mbili zina hoja nzito, na nadhani makosa mengi ya sera yametokana na kila upande kudhani kwamba mwenzake hana hoja.

Viwanda vinavyozungumziwa hapa vilizaliwa katika miaka ya 1970. Leyland ilijenga kiwanda Thika, ambacho sasa kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers; General Motors ilijenga chake Nairobi, na tangu mwaka 2017 kinajulikana kama Isuzu East Africa baada ya Isuzu kununua asilimia 57.7 ya hisa. Na Mombasa kukawa na Associated Vehicle Assemblers, ambako Peugeot 504 ziliunganishwa kwa miaka mingi. Serikali ilikuwa mbia katika viwanda vyote vitatu. Pia ilizuia uagizaji wa magari kamili kwa kutumia leseni na ikawataka waunganishaji watumie baadhi ya vipuri vilivyotengenezwa nchini. Kutokana na masharti hayo kulichipuka viwanda vidogo vya betri, springi, vioo, viti, rangi, rejeta na mabomba ya ekzosi. Wenye viwanda hivyo vidogo ndio waliokuwa moyo wa sekta, ingawa majina yao hayakuandikwa kwenye boneti la gari lolote.

Mfumo huo ulikuwa na gharama. Magari yalikuwa ghali na machache, aina zilizouzwa zilikuwa nyingi mno kwa soko dogo, na mwananchi wa kawaida hakuwa na njia ya kumiliki gari. Kwa hiyo leseni za uagizaji zilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanunuzi walihamia magari yaliyotumika kwa kasi ambayo viwanda havikuweza kuihimili. Leo magari yaliyotumika ndiyo sehemu kubwa kabisa ya magari yanayosajiliwa Kenya kwa mara ya kwanza. Viwanda vitatu vya kuunganisha vinaweza kutoa zaidi ya magari 30,000 kwa mwaka, lakini hata mwaka 2015, uliokuwa mzuri kuliko mingi, vilitoa takribani theluthi moja tu ya idadi hiyo.

Wanaotaka serikali isaidie huanza na ajira, lakini hoja yao yenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ya ujuzi. Mtu anayeunganisha lori hujifunza kuchomelea, kupaka rangi kwa viwango, kupima ubora na kusoma michoro ya kiufundi, na stadi hizo huhamia katika matrekta, mashine za viwandani na vifaa vya hospitali. Kiwanda kinapofungwa stadi hizo hazikai ghalani zikisubiri. Mafundi huzeeka, vijana hawapati wa kuwafundisha, na miaka 10 baadaye hakuna wa kufufua chochote. Kiwanda cha tairi cha Nairobi kilichoanzishwa na Firestone, ambacho baadaye kilikuwa cha Sameer Africa na kutengeneza tairi za Yana, kilisimamisha uzalishaji mwaka 2016, na tairi zikaanza kuagizwa kutoka Asia. Kila kipuri kinachoacha kutengenezwa nchini huongeza mahitaji ya fedha za kigeni na kupunguza sababu ya mwekezaji mwingine kuja.

Wanaopinga hujibu kwamba gari lililotumika nalo lina uchumi wake. Lina mawakala wa forodha bandarini Mombasa, wauzaji wenye yadi, wauza vipuri wa barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, mafundi wa jua kali katika kila mji, na vyama vya akiba na mikopo vinavyowakopesha walimu na wauguzi. Serikali yenyewe hunufaika sana, kwa kuwa gari hilo hutozwa ushuru wa forodha uliopandishwa mwaka 2023 kutoka asilimia 25 hadi 35, kisha ushuru wa bidhaa, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, kila kodi ikipandishwa juu ya nyingine. Mwalimu anayenunua gari la miaka saba anakuwa ameilipa hazina kiasi kikubwa kabla hajalijaza mafuta. Kumwambia anunue jipya lililounganishwa Thika, ambalo bei yake huenda ikawa mara mbili au tatu, ni kumwambia aendelee kupanda matatu. Ndiyo maana pendekezo la mwaka 2019 la kupunguza umri wa magari yanayoruhusiwa kuingia nchini, kutoka miaka minane hadi mitano kwa baadhi ya aina, lilipata upinzani mkali kutoka kwa waagizaji.

Wapinzani wana ushahidi wa kihistoria pia. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Wahandisi walifanya kazi yenye sifa, wakatoa magari matano ya majaribio ya Nyayo Pioneer, nayo yakaonyeshwa hadharani Kasarani mwaka 1990. Hayakuwahi kuzalishwa kwa wingi, na shirika lililokuwa limeundwa kwa ajili hiyo hatimaye likageuzwa kuwa Numerical Machining Complex, kiwanda cha kuchonga vipuri vya chuma. Nje ya Afrika, Australia ilizimwaga fedha za umma katika sekta yake ya magari, takribani dola bilioni 30 za nchi hiyo kati ya 1997 na 2012 kwa hesabu ya tume yake ya tija, na bado kiwanda cha mwisho kilifungwa Oktoba 2017. Ikiwa nchi tajiri yenye soko la magari mapya zaidi ya milioni moja kwa mwaka ilishindwa, Kenya itawezaje?

Swali hilo linastahili jibu, nami naona jibu lake limo katika aina ya gari. Australia ilikuwa ikipigania magari ya kibinafsi ya abiria, yale ambayo viwanda vikubwa vya Thailand, Korea na Japani huyatoa kwa wingi unaoshusha bei kupita uwezo wa mshindani mdogo. Nyayo Pioneer nayo ilikuwa ya aina hiyo. Volkswagen Polo Vivo ilipoanza kuunganishwa Thika Desemba 2016 mbele ya Rais Uhuru Kenyatta, ilikuwa inaingia katika uwanja huohuo, ambapo mshindani wake halisi alikuwa gari dogo la Kijapani kama Vitz au Demio, lililotumika miaka saba. Hakuna msamaha wa kodi unaoweza kuziba pengo hilo bila kumuumiza mnunuzi.

Lori na basi ni jambo tofauti kabisa. Mnunuzi wake ni mfanyabiashara anayepiga hesabu ya miaka ya kazi, ya vipuri na ya siku ambazo gari litakuwa gereji, na mara nyingi hesabu hiyo humfanya achague jipya. Isuzu imeshika karibu nusu ya soko la magari mapya Kenya kwa sababu hiyo. Tena basi la Kenya huja kama chasisi yenye injini, na bodi yote hujengwa hapa: fremu ya chuma, mabati ya pembeni, viti, madirisha, nyaya za taa, rangi na michoro. Karakana za wajenzi wa bodi Nairobi zimefanya kazi hiyo kwa miongo mingi, na sehemu ya thamani inayobaki nchini katika basi moja haiwezi kulinganishwa na ile inayobaki katika gari dogo lililofika likiwa limekwisha kupakwa rangi, likihitaji kufungwa magurudumu na viti tu. Naandika haya kwa uchungu kiasi, maana kila mjadala wa gari la taifa huwaruka watu hawa, wakati wao ndio watengenezaji wa magari ambao tayari tunao.

Kuna pia suala la kigeugeu cha sera, ambalo limewaumiza wote. Desemba 2015 serikali ilibadili ushuru wa bidhaa kuwa kiasi kisichobadilika: Sh150,000 kwa gari lenye umri usiozidi miaka mitatu na Sh200,000 kwa lililozidi hapo, kwa hiyo gari dogo la mnunuzi wa kwanza likatozwa sawa na la kifahari. Katikati ya mwaka uliofuata mfumo wa asilimia ukarudishwa. Agosti 2016 sheria ya kudhibiti riba ilipitishwa, benki zikabana mikopo, na waliokosa zaidi ni wafanyabiashara wadogo wanaonunua lori la kwanza au la pili. Mauzo ya magari mapya, yaliyokuwa karibu 20,000 mwaka 2015, yalishuka hadi takribani 11,000 mwaka 2017, ambao pia ulikuwa mwaka wa uchaguzi uliorudiwa. Hakuna mtengenezaji wa springi atakayenunua mashine mpya kwa mkopo katika mazingira kama hayo.

Afrika Kusini ilichagua njia nyingine. Tangu mpango wake wa mwaka 1995, msaada wa serikali ulifungamanishwa na mauzo ya nje: kampuni iliyouza magari au vipuri ng'ambo ilipata nafuu ya ushuru kwa kile ilichoagiza. Nchi hiyo sasa hutengeneza zaidi ya magari nusu milioni kwa mwaka, ingawa wakosoaji wake wanasema mlipakodi amelipa sana kwa kila kazi iliyolindwa. Kenya haina soko la kuuzia magari madogo Ulaya, lakini ina majirani wanaohitaji lori na basi. Tatizo ni kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki haijakubaliana hata kuhusu magari yaliyotumika: Kenya inakataza yaliyozidi miaka minane, Uganda tangu 2018 inakataza yaliyozidi 15, na Tanzania huyaruhusu makuukuu kwa ushuru wa ziada. Wakati huohuo Uganda ina kiwanda chake cha magari cha Kiira mjini Jinja, Rwanda ina Volkswagen tangu 2018, na Tanzania ina malori yake yanayounganishwa Kibaha. Kila serikali ikilinda kiwanda chake dhidi ya jirani, hakuna kitakachopata wateja wa kutosha kushusha gharama.

Kwa hiyo nakubaliana na watetezi kwamba msaada unahitajika, na nakubaliana na wapinzani kwamba mwenye gari dogo asiubebe. Msamaha wa ushuru wa bidhaa unaotolewa kwa magari yanayounganishwa nchini unapaswa kupimwa kwa vipuri vilivyotengenezwa hapa, ukue kadiri vinavyoongezeka, na uwe na tarehe ya mwisho inayojulikana tangu mwanzo. Ununuzi wa serikali wa lori, basi na magari ya polisi uangalie kipimo hichohicho. Mabasi ya umeme ya kampuni ya BasiGo yanayounganishwa Thika ni mtihani wa karibu, kwa sababu teknolojia bado ni changa na wazalishaji wakubwa hawajaliteka soko hili. Betri zitaendelea kutoka China kwa muda mrefu, lakini bodi, viti na nyaya vinaweza kutoka kwa mafundi waliopo, iwapo bunge litaacha viwango vya kodi vya sekta hii vikae angalau miaka 10 bila kuguswa katika kila mswada wa fedha.