Meza ya kukodi London, fremu ya Sinza

Ijumaa iliyopita tulikuwa wawili ofisini, mimi na mbwa. Ghorofa ya nne ya jengo la ofisi za kushea, mashariki mwa London, meza zaidi ya arobaini, na mwenye mbwa kajifungia kwenye kibanda cha simu anabembelezana na mteja wake. Jumanne ya wiki hiyohiyo nilifika saa tatu na robo asubuhi nikakosa meza. Nikaishia kwenye kochi, kompyuta mapajani, kama abiria aliyepakatishwa mtoto wa watu kwenye daladala.

Ndivyo kazi ilivyo huku siku hizi. Jumanne, Jumatano na Alhamisi ofisi zinafurika. Jumatatu watu wanajivuta, Ijumaa hawaonekani kabisa. Meya Sadiq Khan alijaribu hadi kupunguza nauli: kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei 2024, Ijumaa asubuhi ulipanda treni za jiji kwa ile nauli nafuu ya saa zisizo na msongamano. Watu wakabaki nyumbani wakinywa chai yao. Ukishazoea kuhudhuria kikao ukiwa na shati juu na pajama chini, nauli nafuu haikuamshi.

Wakubwa nao hawajui washike lipi. Benki ya HSBC ilitangaza mwaka 2023 kwamba itauhama mnara wake wa Canary Wharf na kwenda kwenye jengo dogo zaidi karibu na kanisa la St Paul's ifikapo 2027. Miaka miwili baadaye ikakodi nafasi nyingine hukohuko Canary Wharf, kwa sababu wafanyakazi walianza kurudi na jengo jipya likaonekana halitawatosha. Kama benki yenye wachumi wa kujaza uwanja inakosea kuhesabu meza, kampuni ya watu sita itathubutuje kusaini mkataba wa miaka kumi? Haithubutu. Inachukua meza sita kwa mwezi, na mwezi ujao ikitaka inachukua nne. Hiyo ndiyo biashara ya ofisi za kushea huku. Wateja wake ni watu wanaoogopa kufungwa na mkataba.

Biashara yenyewe ina hatari zake, na mtu wa Kariakoo angeziona kabla ya chai ya saa nne. WeWork, kampuni ya ofisi za kushea, ilianzia New York mwaka 2010, ikakua hadi ikawa mpangaji mkubwa kuliko kampuni yoyote binafsi katikati ya London. Mwanzoni mwa 2019 ilithaminiwa dola bilioni 47. Kazi yake ilikuwa kukodi majengo kwa miaka kumi na zaidi, kuyakatakata na kuyapangisha kwa mwezi. Wapangaji wa mwezi wakiondoka, deni la miaka linabaki. Novemba 2023 ikaomba mahakamani kinga ya kufilisika, ikatoka mwaka uliofuata ikiwa imepungua sana. Kariakoo mtu anachukua fremu, anaigawa mara nne, anapangisha vipande na kuishi kwa tofauti ya bei. Ila hajawahi kutuambia kwamba anabadilisha dunia.

Sasa nyumbani. Desemba nilikuja Dar wiki tano, na tatu kati ya hizo nilikuwa kazini, maana mteja wa London hajui likizo yangu. Saa tatu asubuhi kwake ni saa sita mchana kwetu, kwa hiyo siku yangu ilianza adhuhuri na kuisha saa tatu usiku. Nikaenda kwenye ofisi ya kushea Masaki. Pazuri! Mbao, mimea, maneno ya Kiingereza ukutani ya kukutia moyo, kahawa kama ya London na bei karibu na ya London. Saa kumi na mbili jioni mlinzi akanijia kwa adabu: "Kaka, samahani, tunafunga." Nilikuwa katikati ya kikao. Nikamalizia kwenye gari la Bolti, dereva kazima redio kwa heshima yangu, Mungu ambariki.

Kesho yake nikahamia Sinza, kwenye fremu ya binti wa shangazi yangu. Dada ni fundi cherehani. Fremu ina upana wa hatua nne hivi. Kulia cherehani mbili na meza ya kukatia, mlangoni kijana wakala wa miamala, na pembeni kabisa fundi simu na taa yake ya kichwani. Mimi nikapewa kona ya kupigia pasi, kwa sharti kwamba pasi ikihitajika nasimama. Nilisimama sana, maana ilikuwa msimu wa sikukuu.

Nilichojifunza pale sikukipata Masaki. Umeme wa LUKU wananunua kwa kuchanga, na kila wiki kuna kesi ya pasi. Fundi simu anasema chombo chake cha kuchomelea hakili hata robo ya umeme unaoliwa na pasi. Dada anajibu kwamba wateja wa simu wanamjazia kiti cha wateja wa nguo. Wakala ananyamaza, kwa sababu yeye anachaji simu tu na analipa sawa na wenzake. Mkataba wa kugawana gharama wanao, haujaandikwa popote, na unafanya kazi kuliko maombi ya msaada ninayotuma London na kujibiwa na mashine.

Lakini mniwie radhi, sitaki kuimba wimbo ule wa Waswahili wa ughaibuni, kwamba nyumbani tuna umoja na huku kuna baridi. Umoja haununui LUKU. Fremu ile ilipatikana kwa shida. Mwenye nyumba alitaka mwaka mzima mkononi, na dalali mwezi wake juu. Dada alisubiri zamu yake ya mchezo wa kupeana ndipo akapata pesa. Karibu miezi minane alishonea barazani wakati ufundi, wateja na mashine vyote anavyo. Alichokosa ni mtu wa kumpangisha mwezi mmoja mmoja.

Halafu kuna karatasi. Mkataba una jina la dada peke yake. Ukienda kuomba leseni ya biashara unaulizwa mkataba wa pango, na fundi simu hana. Biashara ipo, mteja yupo, kwenye makaratasi fundi mwenyewe hayupo. London kampuni ya mtu mmoja inanunua anwani kwa pauni chache kwa mwezi, barua zinapokelewa, maisha yanaendelea. Fundi wetu amekaa mahali pamoja tangu mwaka juzi na hana anwani ya kumwonyesha ofisa. Na hapo sijagusa kodi ya zuio, asilimia 10 ambayo kisheria inakatwa kwenye pango la mwenye nyumba na kupelekwa TRA. Muulize dalali ataibeba nani. "Hiyo utajua wewe, kaka."

Kwa hiyo nikisikia mtu anataka kufungua ofisi za kushea Dar "kama za Ulaya", namuuliza anamfungulia nani. Mahitaji ya huko nyumbani yameshabadilika mara kadhaa, na wajenzi wa kumbi za kazi za kushea wamekuwa wakifika kwa kuchelewa. Mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulipofika pwani yetu mwaka 2009, intaneti ya maana ilikuwa bado ya kuifuata mahali. Ukumbi wa iHub wa Nairobi ukafunguliwa 2010, wa Buni ukafuata pale COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, Kijitonyama, na vijana walikwenda kwa sababu mtandao ulikuwa pale. Baadaye bando likaingia mfukoni, sababu hiyo ikapungua. Ikaja zamu ya umeme: kipindi cha mgao, mwenye jenereta ndiye mwenye wateja. Sasa mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere umewashwa tangu Februari 2024, mgao ule umepoa, kukatika kwa hapa na pale kumebaki. Kinachotafutwa leo, kwa nilivyoona mimi, ni muda mfupi wa kulipa na karatasi yenye jina lako. Bei ya siku inayolipwa kwa simu, kwa shilingi. Zile bei za dola za Masaki kanuni zimeshazikataza tangu Machi 2025, ingawa nimekuta mahali wamebadilisha alama tu na tarakimu zikanona. Mlango uwe wazi hadi saa nne usiku, maana wenye wateja ng'ambo tuko wengi. Kahawa tutanunua nje kwa muuza kahawa, anapita na birika lake kila jioni.

Wenye majengo watasema mpangaji wa mwezi anatoroka. Wengine wanatoroka kweli. Ila nimepita Sinza hadi Mwenge nikihesabu fremu zenye kibao cha "inapangishwa" na namba ya dalali iliyofifia kwa jua. Nilipofika ishirini na mbili niliacha. Fremu iliyofungwa miezi sita ikimsubiri mtu wa mwaka mzima nayo imetoroka na pesa, tena za mwenye nyumba mwenyewe.

Jumapili dada kanitumia sauti ya WhatsApp. Kuna binti kaja na kompyuta, anafanya kazi za kutafsiri, kaiona kona yangu iko wazi, anataka kuilipia kwa siku. Dada ananiuliza amtoze ngapi, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa Ulaya. Nikamwambia aulize kwanza atakuja siku zipi, huku watu wanakuja Jumanne hadi Alhamisi tu.

"Kaka, huyu anakuja hadi Jumapili. Mimi nauliza habari ya pasi, atasimama?"