Usipandishe chomboni mashine ya maji isiyofunguka

Jumamosi nilikuwa gatini Mtwapa nikamwona mama mmoja akishusha mitungi ya lita 20 kwenye kidau, mumewe akiipokea. Mitungi 9. Chombo chao kimetia nanga pale pale kwenye kriki, futi 40, sola zimepangwa nyuma, na chini ya kitanda mna mashine mpya ya kutoa chumvi kwenye maji ya bahari. Pampu nzima. Membreni, ule utando unaozuia chumvi, haijafanya kazi hata saa 50. Kilichokufa ni sensa ya presha, kidude cha ukubwa wa kidole gumba, na kompyuta ya mashine isipoisoma sensa hiyo haikubali kuwaka. Sensa nyingine imeagizwa Ulaya. Hii wiki ya 6 wanaambiwa iko njiani.

"Watoto nawaogesha kwa kikombe, ami," yule mama aliniambia, na hakuwa akitania.

Nilirudi nyumbani na hasira na mpaka leo haijanitoka.

Watu huniuliza wanunue mashine gani, na kila anayeuliza ameshajazwa kichwa na mambo mawili tu: inatoa lita ngapi kwa saa, na inakula ampea ngapi. Sijamsikia hata mmoja akimwuliza muuzaji: ikinigomea katikati ya Mombasa na Ngazija kule Komoro, nitaifungua kwa spana namba ngapi? Huko ni maili 500 za bahari. Hata kaskazi ikikusukuma vizuri, mkondo wa bahari unaokwenda kaskazini unakurudisha nyuma, na siku 5 zinakuwa 7. Watu wanne wakijibana sana wanamaliza lita 40 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe.

Na kazi yenyewe haina siri. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Pampu inayabana maji hayo kwenye membreni kwa presha ya baa 55 au karibu na hapo, sehemu ndogo inapenya ikiwa tamu, iliyobaki inarudi baharini na chumvi yake. Kwa hiyo unahitaji filta ya mikroni 20, nyingine ya mikroni 5, pampu, membreni, geji na valvu ya mkono. Basi. Unawasha valvu ikiwa wazi, unaikaza polepole jicho likiwa kwenye geji, unamwaga maji ya mwanzo mpaka kipimo cha chumvi kishuke chini ya miligramu 500 kwa lita, ndipo unauingiza mpira kwenye tangi. Mpwa wangu wa miaka 14 nilimfundisha asubuhi moja, adhuhuri akawa anaiendesha peke yake. Sasa hiyo kompyuta inamsaidia nani?

Angalia pia mji tulio nao. Mombasa kila mtaa una duka la kujaza maji, na mengi yanasafisha maji ya kisima kwa njia hii hii. Ukinunua mashine yenye makopo ya filta ya inchi 10, yale ya kawaida, filta utazipata mjini kabla chai haijapoa. Ukinunua yenye makopo ya umbo lake yenyewe, umejifunga kwa muuzaji mmoja maisha yako yote. Membreni vile vile: chukua inayoingia saizi ya 2540, yaani upana inchi 2.5 na urefu inchi 40, ambayo viwanda vingi duniani vinatengeneza. Ila usidanganywe ukachukua ya dukani, ile ni ya maji ya kisima na presha yake ni ndogo. Ya bahari iagize mapema, uiweke akiba. Pampu nayo, kabla hujalipa hata shilingi, mpelekee fundi wako picha za ndani yake. Akikuambia sili zake anazijua na oringi zake, ile mipira ya duara ya kuzuia maji yasivuje, anazo, lipa. Akikaa kimya, achana nayo.

Nikubali moja, maana ni kweli. Mashine zinazorudisha nguvu ya yale maji ya chumvi kwenye pampu zinakula umeme kidogo sana, theluthi moja hivi ya zile za kawaida kwa kila lita. Mwenye chombo kidogo, sola mbili na asiyetaka kelele za jenereta ana haki ya kuzitaka. Lakini jenereta ndogo ya kilowati 2 inaendesha pampu ya kawaida ikatoa lita 60 kwa saa au zaidi. Saa mbili, siku tatu umetulia. Na jenereta ikifa, Mombasa haikosi fundi wa jenereta.

Jambo jingine wageni hawaambiwi. Usiendeshe mashine kwenye kriki maji yakiwa kupwa. Nilifungua filta ya rafiki yangu aliyefanya hivyo siku ya bamvua: ilikuwa nyeupe asubuhi, jioni imevaa ute wa kahawia mzito kama uji wa wimbi, na ukipitisha kidole tope la mikoko linabaki chini ya ukucha. Subiri yajae, maji safi ya bahari kuu yaingie, au toka nje ya mwamba kabisa. Bandarini Kilindini usijaribu, mafuta yakigusa membreni imekwisha. Klorini pia inaiua, kwa hiyo ukiisuuza kwa maji ya mfereji yapitishe kwanza kwenye filta ya makaa. Ukiilaza zaidi ya wiki bila kuisuuza, utafungua ukutane na harufu ya mayai viza.

Na mitungi usiitupe. Mashine yoyote ile, mitungi 5 iliyojaa ilale chomboni.

Yule bwana wa Mtwapa nimempigia jana usiku. Mimi na fundi tunaweza kuitoa ile kompyuta, tukamwekea swichi, geji na valvu, mashine ikafanya kazi siku hiyo hiyo. Anaogopa kupoteza waranti. Nimemwuliza hiyo waranti imemletea lita ngapi ndani ya wiki 6. Akanyamaza, halafu nikamsikia mkewe nyuma yake akisema, "Mwambie waje."

Geji nimeshanunua. Tunakwenda Alhamisi, maji yakijaa.