Kama Hutaki Kumpa Mkono, Usicheze Naye

Kafeteria ninayonywea chai hapa Deira ni ya Mmalayali, Mhindi wa Kerala, ambaye sote tunamwita Ikka, kama watu wa kwao wanavyomwita kaka mkubwa. Kiti cha karibu na mlango kina mwenyewe: dereva wa basi kutoka Swat, Pakistan, mzee wa ndevu za hina, Chacha, yaani baba mdogo, kwa kila mtu, hata kwa sisi wa Mombasa. Wawili hawa huzungumza ile lugha ya Uarabuni ambayo Mpakistani atakuambia ni Kiurdu na Mhindi atakuambia ni Kihindi. Mimi nimeiokota kwa miaka sita na sijui hadi leo nimeokota ipi.

Jumapili ya tarehe 14 Septemba 2025 hapakuwa na pa kukaa. India na Pakistan walikuwa wakicheza Kombe la Asia la kriketi papa hapa Dubai. Mechi yenyewe haikuwa na maajabu. Pakistan walipata mikimbio 127, ambayo ndiyo pointi za kriketi, India wakaipita katika ova ya 16 (ova ni mipira sita) wakiwa wamepoteza wiketi 3 tu, yaani wapigaji watatu, na nahodha wao Suryakumar Yadav akamaliza kwa pigo la mikimbio sita, siku yake ya kuzaliwa. Kisha akampa mkono mwenzake Shivam Dube na wote wawili wakaondoka zao. Wapakistani wakabaki wamesimama uwanjani wakingoja kusalimiana kama ilivyo desturi. Runinga ikatuonyesha mlango wa chumba cha Wahindi ukifungwa.

Kafeteria nzima ilinyamaza, na kelele za watu arobaini zikizima ghafla unasikia hata friji ya soda inavyonguruma. Ikka akamwekea Chacha chai ya karak bila kuulizwa. Chacha akainywa. Hakuna aliyesema neno la maana kwa muda mrefu.

Mimi naelewa mtu kukataa kucheza. Naelewa pia mtu kucheza, kushinda na kupeana mkono huku moyoni ana lake. Kinachonishinda ni hii ya katikati: unakubali mechi, unakubali kamera, unakubali fedha za matangazo, halafu mwisho wa yote unamnyima mkono kijana mwenzako ambaye mmerushiana mpira kwa saa tatu. Kule kwetu watu wananuniana miaka kumi kwa ajili ya ukuta wa ua, lakini aliyekununia hakai kwenye sinia lako la biriani, ale mpaka ashibe, kisha akatae kukuitikia salamu. Anakaa kwake.

Lakini jambo hili lina damu ndani yake, na sitaki kulipitia juu juu. Tarehe 22 Aprili 2025, katika uwanda wa nyasi wa Baisaran karibu na mji wa Pahalgam, Kashmir upande wa India, watu wenye bunduki waliua watu 26. Karibu wote walikuwa watalii wa Kihindi. Manusura walieleza jinsi wanaume walivyoulizwa dini zao kabla ya kupigwa risasi mbele ya wake zao. Miongoni mwa waliokufa alikuwemo Mwislamu mmoja wa hapohapo, mwongoza farasi wa watalii. India ikailaumu Pakistan, Pakistan ikakana. Kesho yake India ikasimamisha mkataba wa maji ya mto Indus, mkataba wa mwaka 1960 uliokuwa umevuka vita vyote vya nchi hizo mbili bila kuguswa. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Mei ikashambulia maeneo tisa, na operesheni hiyo ikaipa jina la Sindoor, ile poda nyekundu wanayoipaka wanawake wa Kihindu walioolewa pale nywele zinapogawanyika. Kila Mhindi alielewa jina hilo linawalilia wajane gani. Siku nne nchi mbili zenye silaha za nyuklia zilirushiana makombora na droni, hadi vita viliposimamishwa tarehe 10 Mei.

Kwa hiyo Mhindi akiniambia hawezi kumtazama Mpakistani uwanjani miezi mitano baada ya hapo, sina la kumjibu. Mjane mmoja wa Pahalgam alisihi hadharani watu wasiitazame mechi ile. Ningekuwa ndugu yake nami ningezima runinga. Lakini huyo mjane alikuwa akiomba mechi isichezwe. Sijasikia aliyeomba ichezwe bila salamu.

Na waliokataa kweli wapo. Julai mwaka huohuo, huko Uingereza, wachezaji wastaafu wa India, watu wa hadhi ya Harbhajan Singh na Shikhar Dhawan, walikataa kucheza na wastaafu wenzao wa Pakistan katika mashindano ya magwiji. Walipopangwa nao tena kwenye nusu fainali wakakataa tena, na Pakistan ikaingia fainali bila kurusha mpira. Ukubaliane nao au usikubaliane, walilipa gharama ya msimamo wao.

Serikali ya India ilipita njia nyingine. Agosti ilitangaza kwamba haitacheza na Pakistan mechi za nchi kwa nchi, si kwao wala kwa jirani, lakini mashindano ya mataifa mengi ruksa. Ukiichunguza, sera hiyo haikugusa chochote chenye faida. Mechi za nchi kwa nchi zilikuwa zimeshakufa zamani. Mara ya mwisho Pakistan kwenda India kwa mfululizo wa namna hiyo ilikuwa mwisho wa 2012 na mwanzo wa 2013, na hata huo ulikuwa kama ajali njema baada ya mauaji ya Mumbai ya Novemba 2008 yaliyoua watu 166. Kilichobaki hai ni mashindano makubwa, na humo ndimo zilimo fedha.

Hasira za mkizi, tijara ya mvuvi. Baraza la Kriketi la Kimataifa liliuza haki za kutangaza mashindano yake nchini India pekee, kwa miaka minne kuanzia 2024, kwa takriban dola bilioni 3. Hakuna mechi inayobeba bei hiyo kama India na Pakistan, na ndiyo maana kwa miaka zaidi ya kumi, kila palipokuwa na makundi katika mashindano ya dunia ya wanaume, hawa wawili wamejikuta kundi moja. Nyota njema iliyoje! Kombe la Asia nalo lilipangwa ili wakutane Jumapili, wakivuka wakutane Jumapili inayofuata, na wakifika fainali iwe Jumapili ya tatu. Ikawa hivyohivyo: tarehe 14, tarehe 21, tarehe 28. Kadiri walivyochukiana ndivyo watu walivyokaa mbele ya runinga, na matangazo ya biashara hayakukosa nafasi hata siku moja.

Tazama pia nani wanaoshika usukani. Mwenyekiti wa bodi ya kriketi ya Pakistan, Mohsin Naqvi, ndiye pia waziri wa mambo ya ndani wa nchi hiyo, na ndiye aliyekuwa rais wa Baraza la Kriketi la Asia wakati wa mashindano. Upande wa pili, mwenyekiti wa Baraza la Kimataifa tangu Desemba 2024 ni Jay Shah, mtoto wa Amit Shah, waziri wa mambo ya ndani wa India. Waziri huku, mwana wa waziri kule. Halafu kijana wa miaka ishirini na kitu anayejua kuzungusha mpira tu ndiye anayeambiwa abebe usalama wa taifa kwenye kiganja chake cha kulia.

Watanijibu kwamba wakati wa vita ndivyo mambo yanavyokuwa. Sivyo. Tarehe 8 Juni 1999, wanajeshi wa nchi hizi wakiuana kwenye vilele vya Kargil huko Kashmir, timu zao zilikutana kwenye Kombe la Dunia huko Old Trafford, Manchester. India ilishinda kwa mikimbio 47 na mikono ikatolewa. Shashi Tharoor, mbunge wa upinzani wa India, aliwakumbusha wenzake jambo hilo katika zogo la Septemba: kama uchungu ni mkubwa kiasi hicho tusingecheza, na kama tumecheza tungewapa mkono. Huwa sikubaliani na kila asemalo bwana huyu, lakini hapo alinitoa maneno mdomoni.

Miezi michache kabla ya Kargil, tarehe 31 Januari 1999, Pakistan iliishinda India kwa mikimbio 12 tu pale Chennai, India, baada ya Sachin Tendulkar, mpigaji nyota wa India, kupata mikimbio 136 mgongo ukimuuma na kuwaacha Wahindi karibu kabisa na ushindi. Watazamaji wa Chennai walisimama wakawapigia makofi Wapakistani, nao wakazunguka uwanja mzima wakiwashukuru. Ikka alikuwa kijana wakati huo. Hadithi hii ameshanisimulia mara nne, na kila mara mgongo wa Tendulkar unauma zaidi.

Mchezaji ninayemwonea huruma zaidi katika mkasa huu hata si wa kriketi. Neeraj Chopra, mrusha mkuki, ndiye Mhindi wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki katika riadha, huko Tokyo. Paris 2024 akashindwa na Arshad Nadeem wa Pakistan, aliyerusha mita 92.97. Mama yake Neeraj akasema aliyepata dhahabu naye ni mtoto wetu, na mama yake Arshad akasema maneno ya namna hiyohiyo kuhusu Neeraj. Aprili 2025 Neeraj aliandaa mashindano yake mwenyewe na kuwaalika warushaji wakubwa wa dunia, Arshad akiwemo. Mialiko ilishatumwa kabla ya Pahalgam, na Arshad alikuwa ameshasema hataweza kufika. Haikusaidia. Watu walimtukana Neeraj mitandaoni, wakamtukana na mama yake kwa yale maneno ya Paris. Na huyu ni mtu wa jeshi, aliyevaa sare ya nchi hiyohiyo! Ilimbidi aandike tamko kuueleza umma kwamba anaipenda nchi yake. Mwezi uliofuata, huko Doha, alisema yeye na Arshad hawakuwahi kuwa marafiki wa karibu sana, na kwamba mambo hayatarudi kama zamani. Nilisikitika kuona mtu analazimishwa kuupunguza urafiki hadharani, kama anayerudisha bidhaa dukani.

Mashindano yake yalisogezwa kwa sababu ya vita, yakafanyika Bengaluru tarehe 5 Julai. Neeraj alishinda. Wa pili alikuwa Julius Yego wetu, yule Mkenya aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube, kwa mita 84.51. Habari hiyo niliisoma kwa simu pale kwa Ikka na nikapiga kelele peke yangu. Hakuna aliyenielewa.

Wapakistani nao wasijione malaika. Jumapili ya pili, tarehe 21, Sahibzada Farhan alifikisha mikimbio hamsini akaligeuza gongo lake kuwa bunduki mbele ya watazamaji. Haris Rauf akawafanyia Wahindi ishara ya ndege zinazoanguka, iliyochukuliwa kuwa kumbusho la vita vya Mei. Kumfanyia hivyo mtu ambaye nchi yake imewazika wafu wa Pahalgam ni utovu wa adabu, na hata Chacha alisonya. Baraza la Kimataifa likamtoza Rauf faini ya asilimia 30 ya malipo ya mechi, na likamtoza Suryakumar kiasi hichohicho kwa kauli zake kuhusu jeshi baada ya mechi ya kwanza.

Fainali ndiyo ilikuwa kichekesho. Pakistan walikuwa na mikimbio 113 kwa wiketi 1, wakaporomoka wote kwa 146. India wakayumba mwanzoni, Tilak Varma akasimama imara na 69 zake, wakashinda. Kisha tukangoja. Saa nzima na zaidi, Wahindi hawataki kupokea kombe kutoka mkononi mwa Naqvi, Naqvi hataki lipokewe kutoka mkono mwingine. Mwisho kombe likabebwa likaondoka, na mabingwa wakashangilia wakiinua hewa. Waziri Mkuu Modi akaandika mtandaoni kwamba ni Operesheni Sindoor uwanjani, matokeo yaleyale. Kulinganisha mpira na operesheni iliyoua watu, mimi naona ni kuwashusha hadhi wale 26, maana vifo vyao vimegeuzwa kuwa idadi ya mabao.

Wiki moja baadaye wanawake wa nchi hizo walikutana Colombo, nao hawakupeana mikono. Nikadhani basi, ndiyo desturi mpya. Kumbe katikati ya Oktoba, huko Johor, Malaysia, vijana wa hoki wa chini ya miaka 21 walipopita mbele ya wenzao kabla ya mechi waligonganisha viganja, wakacheza, wakatoka sare ya 3-3. Nadhani hawakuwa na kamera za kutosha za kuwakataza.

Usiku ule wa fainali Ikka alitoa chai bure kwa kila aliyekuwemo. Chacha alikunywa vikombe vitatu. Alipoinuka kwenda zake, maana basi lake linaondoka saa kumi na moja alfajiri, alimwambia Ikka kwamba kama watu wake hawalitaki lile kombe, mkewe huko Swat anatafuta chombo cha kuwekea sukari.