Risasi Ikigeuka Maji

Bombo ni mji wa wanajeshi na wastaafu wao, kaskazini mwa Kampala. Hapa bunduki si kitu cha kumtoa mtu macho. Ndiyo maana juzi nilishangaa kukuta vijana wanne wamebanana kwenye kibanda cha fundi simu, wakitazama kwenye simu video ya risasi ikigonga bamba la chuma kwa mwendo wa polepole.

Anayeona hiyo ni burudani ya kipuuzi ana hoja. Novemba 2020, baada ya Bobi Wine, mwanamuziki aliyekuwa mgombea urais wa upinzani, kukamatwa, watu 54 walikufa kwa hesabu ya serikali yenyewe. Katika nchi hiyo hiyo mlinzi wa benki anasinzia na bunduki mapajani. Na video hizi zina ujanja wake: mlio umeondolewa, mtu pia kaondolewa. Limebaki tikitimaji linapasuka kama ua. Vijana walicheka, na mimi nikacheka.

Lakini jicho la binadamu halijawahi kukiona kitu hiki. Risasi ya AK-47 hutoka mtutuni kwa takriban mita 715 kwa sekunde, mara mbili ya mwendo wa sauti na zaidi. Kamera inayopiga fremu milioni moja kwa sekunde huinasa kila inaposogea chini ya milimita moja. Ukizirusha fremu hizo 25 kwa sekunde, tukio la elfu moja ya sekunde linachukua sekunde 40. Wanafizikia Mach na Salcher walipiga picha ya risasi ikisukuma wimbi la hewa mbele yake mwaka 1886, na mhandisi Mmarekani Edgerton akaigandisha ikitoboa tofaa mwaka 1964. Wao walipata picha moja moja. Leo fundi simu wa Bombo anaweza kuirudisha nyuma kwa kidole.

Na inavyogonga chuma ndipo penye utamu. Haikwami, haidundi. Pua inabonyea, kisha mwili wote unamwagika pembeni kama uji uliopigwa kijiko, ukitambaa juu ya bamba. Si lazima iwe imeyeyuka. Shinikizo la mgongano limezidi nguvu ya madini, basi madini yanatiririka. Lugha yetu inaita madini hayo na kitu chenyewe kwa jina moja, risasi, na kwenye video unaona kwa nini mtu wa kale angechagua madini laini hivyo.

Mzee mmoja mstaafu, aliyekuja kuchaji simu, alisimama nyuma yetu.

"Rudisha, kijana."

"Wapi, afande?"

"Hapo inapomwagika."

Akapandisha suruali, akatuonyesha kovu juu ya kifundo. Aliyefyatua, alisema, hakumlenga yeye. Risasi ilipiga jiwe kando yake. Miaka yote alidhani ni kipande cha jiwe kilichomchana. Sasa hana hakika tena.

Hapo ndipo mizani yangu ilipoegemea upande wa video hizi. Mwaka ule wa 2020 tuliambiwa baadhi ya waliokufa walipatwa na risasi zilizopotea, kana kwamba risasi ni mbuzi. Aliyetazama bamba lile anajua kwamba hata iliyoelekezwa chini, kwenye lami, ina njia zake za kufika kwenye mguu wa muuza ndizi. Tena risasi nyingi za kijeshi za AK-47 zina kiini cha chuma, hivyo hazimwagiki kwa upole ule. Zinaweza kuruka zikiwa bado nzima.

Video za risasi ikipita kwenye jelatini, kitu laini kinachoiga nyama ya mwili, ndizo bado sijaafikiana nazo. Kwa daktari wa upasuaji jelatini ina maana: inaonyesha shimo kubwa linalofunguka nyuma ya risasi na kujifunga tena, jeraha ambalo ngozi huficha. Lakini haina mfupa wala mshipa, na inavyotikisika inachekesha. Ilipofuata kwenye simu ile, mzee alikwishaondoka. Nilimwambia fundi airuke. Akaifunga kabisa, maana kuna mteja alikuwa anadai kioo chake.