Ile treni ya binti mmoja kule Japani, tuisimulie vizuri basi

Ile stori ya treni ya Hokkaido najua mshaiona, maana kila baada ya miezi kadhaa inarudi kwenye magrupu ya WhatsApp kama vile imetokea jana. Kwamba kule kaskazini mwa Japani shirika la reli lilikuwa linasimamisha treni kwenye kistesheni cha porini kwa ajili ya mwanafunzi mmoja tu wa kike, mpaka amalize shule ndo wakifunge. Kwenye grupu la ukoo shangazi kashaileta mara tatu, na kila mara watu wanajibu "wenzetu wanajali jamani".

Stesheni ilikuwepo kweli, Kyu-Shirataki, na binti alikuwepo. Ila hakuwa mwanafunzi peke yake kwenye ile laini, na Machi ndo mwezi ambao Wajapani wanabadilisha ratiba za treni, ndo mwezi huohuo wanamaliza shule, vikakutana tu. Mi mwenzenu kilichonishika ni tarehe. Ratiba iliyoifuta Kyu-Shirataki ilianza 26 Machi 2016, na siku hiyohiyo Shinkansen, ile treni yao ya kasi, iliingia Hokkaido kwa mara ya kwanza, imepita chini ya bahari kwenye handaki la Seikan la karibu kilomita 54 mpaka Shin-Hakodate-Hokuto, bendera, kamera, vifijo. Huku Shirataki stesheni tatu zinazimwa kwa mpigo.

Mwaka haujaisha, Novemba, JR Hokkaido, ndo kampuni ya reli ya kisiwa hicho, wakasema kilomita 1,237 za reli, kama nusu ya mtandao wao, hawaziwezi peke yao. Tangu hapo ni kukata tu. Laini ya Hidaka mawimbi yaliila Januari 2015, haikutengenezwa, watu wakasubiri miaka sita halafu 2021 wakaambiwa kilomita 116 ndo basi tena. Kipande cha Furano mpaka Shintoku kilipigwa na kimbunga 2016, kikafutwa 2024. Stesheni ya Shin-Totsukawa ilibaki na treni moja kwa siku, inaondoka saa nne kamili asubuhi, ukiikosa hiyo ni mpaka kesho, nayo 2020 ikaondoka kwa mara ya mwisho.

Watu watasema abiria hamna, na ni kweli, kisiwa kina kilomita za mraba kama 83,000, watu milioni tano na kidogo, karibu milioni mbili wamejaa Sapporo, mji mkuu wake. Lakini hilo lilijulikana toka 1987 wakati shirika la reli la taifa linagawanywa, ndo maana JR Hokkaido walipewa mfuko wa yeni bilioni 682 ili riba yake izibe hasara. Riba za Japani zikaja zikaporomoka, sasa hapo utaziba nini?

Njoo barabarani uone. Sapporo inaanguka theluji kama mita tano kwa msimu, na barabara za huko ukingoni zina nguzo zenye mishale ya mistari myekundu na myeupe, inaning'inia juu inaonyesha chini, yaani lami inaishia HAPA, kwa sababu kila kitu kikishakuwa cheupe dereva wa greda hajui shimo liko wapi. Greda zinatoka usiku watu wamelala, analipa nani? Kodi. Hakuna anayeiuliza barabara mwaka huu umeleta faida shingapi. Reli nayo inasukuma theluji ileile, ila bili inaingia kwenye hesabu za kampuni, halafu mwisho wa mwaka inaambiwa wewe ni hasara. Serikali inaisaidia ndiyo, sikatai, ila mizani yenyewe haiko sawa hata kidogo. (Na msidhani reli zao ni madude ya sayari nyingine, hizi za kawaida upana wake ni milimita 1,067, sawa na TAZARA yetu.)

Kuna mji unaitwa Yubari, wa makaa ya mawe ya zamani, manispaa yake ilifilisika 2007. Meya akawawahi, 2016 akasema mwenyewe ifungeni laini yetu lakini mtupe mabasi ya maana. Ikafungwa 2019, treni tano kwa siku zikawa mabasi kumi, na mwaka huohuo meya akachaguliwa gavana wa Hokkaido nzima. Alicheza vizuri, nampa hiyo.

Ila basi linataka dereva, na madereva wamezeeka, vijana hawaji, 2024 sheria ikabana na saa za ovataimu. Kipande cha reli cha Yoichi mpaka Otaru kina abiria wa kutosha kabisa, lakini 2022 wakakubaliana kitakuja kuwa cha mabasi Shinkansen ikifika Sapporo, halafu kampuni za mabasi zinauliza hao madereva mnatutolea wapi. Na Shinkansen yenyewe iliyoahidiwa mwaka wa fedha 2030 sasa inasemwa mwishoni mwa mwaka wa fedha 2038.

Haya yote niliyaandika kwenye grupu, meseji ndeeefu. Shangazi akajibu na emoji ya treni.