Mjomba na Fundi wa Usiku

Mjomba alikuja kunitembelea Leicester, Uingereza, mwezi wa Januari, na hakumaliza siku mbili mtambo wa kupasha nyumba joto ukagoma. Mwenye nyumba alipopiga simu nilikuwa kazini. Mjomba ndiye aliyepokea.

Jioni nikamkuta ameketi mlangoni, kavaa koti langu juu ya koti lake, kajitanda kikoi kichwani, tochi mkononi, chupa ya chai miguuni.

"Shikamoo Mjomba. Kuna nini?"

"Marahaba. Fundi yuaja usiku. Amesema *fortnight*."

"Mjomba, hiyo ni wiki mbili."

"Wiki mbili zatoka wapi? *Fort* ni ngome, *night* ni usiku. Mimi nimezaliwa nyuma ya Fort Jesus, wewe wanifunza ngome?"

Alikesha. Usiku wa pili akakesha tena, na mahamri ya fundi akayala mwenyewe.

Aliyemwokoa ni bibi jirani, mwalimu mstaafu. Alicheka mpaka akashika uzio, kisha akaeleza: neno hilo limefinywa kutoka *feowertyne niht* ya Kiingereza cha kale, yaani usiku kumi na nne. Wazee wao walihesabu usiku, si mchana. Hata wiki waliiita *sennight*, usiku saba, neno ambalo sasa limekufa. Tacitus, Mrumi wa karne ya 1, aliandika kwamba makabila ya Wajerumani nayo yalihesabu hivyo hivyo.

Mtu mwingine angeona haya. Mjomba alifurahi! "Kumbe na wao kwao usiku hutangulia mchana, kama sisi!"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Simu ilipigwa Jumanne. Mjomba akahesabu usiku wake kwa vidole, na Jumatatu ya pili, maghribi ilipoingia tu, akatangaza kuwa huo ndio usiku wa Jumanne, tena wa kumi na nne. Kiti mlangoni, chupa ya chai, tochi. Nilimwambia Mwingereza hajui usiku wa kuamkia. Akaniambia nikalale.

Fundi alikuja Jumanne saa nne asubuhi, mimi niko kazini. Akabonyeza kengele, akagonga, akagonga tena. Mjomba alikuwa kitandani anakoroma, analipa deni la usiku.

Nilikuta kadi sakafuni: tumefika, hatukukuta mtu, tutarudi baada ya *fortnight*. Mjomba akaisoma mara mbili, akavua koti langu, akaenda kutafuta pasipoti yake.